Timu Nyingi, Mwenyewe Hakuna: Arusha, Moshi na Ligi Kuu

Tarehe 2 Julai 2022, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid jijini Arusha ulipokea fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam. Coastal Union ya Tanga na Yanga ya Dar es Salaam zilitoka 3-3. Mabao yote matatu ya Coastal, Wagosi wa Kaya, yalifungwa na kijana mmoja, Abdul Suleiman "Sopu", kisha Yanga ikabeba kombe kwa penalti 4-1. Miaka minne nyuma, Juni 2018, uwanja huohuo uliandaa fainali ya kombe hilohilo, na Mtibwa Sugar ya Morogoro ikaifunga Singida United 3-2. Fainali mbili, timu nne, na hakuna hata moja iliyotoka kaskazini ya Same. Watu wa Arusha walinunua tiketi, wenye hoteli wakajaza vyumba, wachoma nyama wakauza hadi usiku. Jiji zima likawa ukumbi wa kukodi kwa harusi ya watu wengine.

Hali hiyo haijabadilika. Oktoba 2024 Coastal Union iliipokea Yanga hapohapo Sheikh Amri Abeid na kufungwa 1-0. Machi 2025 ikaipokea Simba, Steven Mukwala akapiga mabao matatu peke yake, 3-0. Timu ya Tanga iko nyumbani Arusha, na asilimia kubwa ya jukwaa inamshangilia mgeni. Ukiniuliza Kaskazini inakosa nini, sitasema fedha, na vipaji ndiyo kabisa sitavitaja. Inakosa wenye timu.

Nasema hivyo kwa sababu timu zenyewe zimekuwepo, tena nyingi. Wazee wa Majengo na Njoro pale Moshi watakutajia Ushirika, iliyocheza na wakubwa enzi hizo. Wa Kaloleni na Unga Limited watakutajia Ndovu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaja Palsons, ikawika kidogo na kunyamaza. AFC Arusha ilicheza Ligi Kuu msimu wa 2010/11 ikashuka, na msimu uliofuata Oljoro JKT ikachukua nafasi ya mkoa hadi 2014. Moshi ikasubiri Polisi Tanzania, iliyopanda 2019 na kushuka 2023. Nje ya hizo kuna msururu wa zilizoishia madaraja ya chini: Panone, Machava, Madini, Arusha United, Mbuni, TMA Stars ya Monduli.

Ubingwa wa Bara, hata mara moja, haujafika Arusha wala Kilimanjaro. Mseto ya Morogoro iliuchukua 1975. Coastal Union 1988. Mtibwa Sugar, timu ya mashamba ya miwa kule Turiani, 1999 na 2000. Na Tukuyu Stars mwaka 1986, mara tu baada ya kupanda. Huu wa Tukuyu nautaja kila nikisikia mtu wa kwetu analaumu baridi, mwinuko au mashamba ya migomba kwamba ndivyo vinavyotufanya tusiwe watu wa mpira. Tukuyu ni mji mdogo wa mlimani, wa chai na ndizi, na mvua yake ukiikuta utaikumbuka ya Marangu kwa huruma.

Chanzo nadhani ni cha zamani zaidi ya Ligi Kuu. Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936, Coastal Union 1948. Hizi ni klabu za watu wa mjini: watu waliokaa mtaa mmoja, waliozikana, walioimba taarabu na kucheza ngoma za mashindano, ambao jumba la klabu lilikuwa mahali pa kahawa na siasa kabla ya mazoezi. Klabu ilizaliwa kutoka kwenye mtaa, na mtaa ukajiona ndani yake. Mji wa Moshi wakati huohuo ulikuwa unafanya kazi nyingine. Wachaga waliunda chama chao cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, na 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichokuja kujulikana Afrika nzima. Akili ya kujiunga, kulipa ada, kuchagua viongozi na kuwatimua ilikuwepo tele. Ila ilikaa mlimani, kwenye kihamba, shamba la ukoo, na kwenye chama cha msingi. Mjini walishuka kuuza, kununua na kusomesha. Uaminifu wa mtu ulikuwa kwa Machame yake, Kibosho yake, Rombo yake, na usharika au parokia yake. Mpaka leo Desemba inatuonyesha jambo hilo: magari kutoka Dar yanafika Moshi mjini na kupitiliza, kila moja linakata kona kwenda juu.

Arusha ni tofauti kidogo, lakini matokeo yanafanana. Mji ulikua kuzunguka boma la Wajerumani, ukawa wa walowezi na wafanyabiashara, baadaye makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mikutano na utalii. Waarusha na Wameru walibaki pembeni mwa mji kwa muda mrefu, na waliojaza mitaa walitoka Kondoa, Singida, Pare, Kilimanjaro, pwani. Wengi walifika wakiwa tayari na timu kifuani, wamepewa na redio. Redio Tanzania ilipotangaza mechi ya watani, Simba na Yanga, mtu wa Mianzini aliisikia sawasawa na mtu wa Kariakoo. Tawi la Simba na tawi la Yanga yakasimama kabla mtu yeyote hajafikiria klabu ya mji. Siwalaumu mashabiki hapa. Ukipewa klabu yenye historia ya tangu ukoloni na nyingine ambayo mwakani huenda haitakuwepo, utachagua ipi?

Enzi za mashirika ya umma zilificha tatizo hili nchi nzima. Reli Morogoro, Pamba Mwanza, Bandari Mtwara: shirika lilimwajiri mchezaji, likampa mshahara na nyumba, na jioni akacheza mpira. Ushirika ya Moshi ilibeba jina la kitu kilichoujenga mkoa. Lakini vyama vya ushirika vilivunjwa na serikali 1976, vikarudishwa miaka ya themanini vikiwa dhaifu, na bei ya kahawa ikafanya mengine. Miaka ya tisini mashirika yakabinafsishwa au kufa. Kule Arusha Kiltex ilifungwa, General Tyre ikasimama baadaye. Timu za kazini ziliondoka na kazi zenyewe.

Pamba ndiyo mfano wa kutazama. Ilishuka mwanzoni mwa miaka ya 2000 na ikakaa chini zaidi ya miaka ishirini, lakini Mwanza hawakuacha kuitaja. Mwaka 2024 ikarudi Ligi Kuu ikiitwa Pamba Jiji, chini ya mbeleko ya halmashauri. Jina lilikuwa na wenyewe waliolisubiri. Ushirika leo ni jina la uwanja, mali ya Chuo Kikuu cha Ushirika, mahali ambapo mbio za Kilimanjaro Marathon huanzia na kuishia. Wakimbiaji maelfu hupita pale kila mwaka. Sijasikia kamati yoyote ya kuifufua timu.

Pengo la mashirika, kwetu lilizibwa na sare za majeshi. Oljoro ni kambi ya JKT. Mbuni ni ya jeshi. TMA ni chuo cha maofisa Monduli. Polisi Tanzania ilijikita Moshi, mji wa shule ya polisi. Nawashukuru, maana bila wao Kaskazini isingekuwa na chochote cha kuangalia kwa miaka kumi na mitano. Kambi ina uwanja wa mazoezi, ina mabweni, ina jiko, na mchezaji akifanya vizuri anaweza kupata ajira ya kudumu. Kwa soka la Tanzania, ambako mshahara wa miezi mitatu nyuma ni habari ya kawaida, hilo si jambo dogo. Tanzania Prisons, JKT Tanzania na Mashujaa zinaonyesha kwamba timu ya aina hii inaweza kudumu.

Kinachokosekana ni mlango wa mwananchi kuingilia. Msimu wa 2013/14 unalieleza hili vizuri kuliko mimi. Msimu huo Mbeya City, timu ya halmashauri iliyokuwa imepanda kwa mara ya kwanza, ilimaliza nafasi ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, juu ya Simba. Mashabiki wake walikodi mabasi wakaifuata mikoani wakiwa na zambarau, mji ukasimama siku ya mechi, na wauza jezi wakapata riziki. Msimu huohuo Oljoro JKT ilishuka daraja pamoja na Ashanti United na Rhino Rangers. Arusha ililala na kuamka. Hakuna maandamano, hakuna mkutano wa dharura wa wanachama, kwa sababu wanachama hawakuwepo. Tangu siku ile hadi msimu huu wa 2025/26, mkoa wenye jina kubwa kuliko yote kwa mgeni wa nje haujarudi Ligi Kuu.

Polisi Tanzania ilitupa raha zaidi. Oktoba 2019, jijini Dar es Salaam, iliibana Yanga 3-3, na Ditram Nchimbi akafunga yote matatu. Mwezi huohuo Nchimbi alifunga Sudan bao lililoipeleka Taifa Stars kwenye CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Moshi ikaanza kuongea mpira wake yenyewe kidogo, hadi dirisha dogo la usajili lilipofunguliwa na Yanga ikambeba. Kumuuza mchezaji si dhambi, na Nchimbi mwenyewe alikuwa wa mkopo kutoka Azam, kwa hiyo hata cha kuuza hakikuwepo. Ndiyo biashara ya timu ndogo: unamtengeneza mtu, unamwonyesha, mwenye mali anamchukua. Misimu minne baadaye, 2023, Polisi na Ruvu Shooting zikashuka. Jeshi la Polisi lilishawahi kuwa na timu Ligi Kuu ikitambulika kwa Dodoma, kisha kwa Morogoro. Askari anahamishwa kituo, na timu yake inaweza kuhamishwa vilevile. Mtu wa Soweto au Bomambuzi pale Moshi akiipenda, anaipenda kwa muda wa uhamisho.

Kisha kuna kisa cha Kitayosce, ambacho kwangu kinauma kuliko vyote na hakizungumzwi. Timu ile ilitoka Kilimanjaro. Ilianza madaraja ya chini ikiwa timu ya Moshi, ikahamia Tabora, na ni ikiwa Tabora ndipo ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2023, mwaka uleule Polisi Tanzania inashuka. Ikabadilishwa jina ikawa Tabora United, na 2025 ikawa TRA United. Mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu, dhidi ya Azam, haikumalizika: usajili ulikuwa haujakamilika, wakaingia wachache, wakapungua hadi refa akalazimika kusimamisha wakiwa wamechapwa manne. Vichekesho vile vilikuwa vya Tabora kuvibeba, na mashabiki wa Unyanyembe wakavibeba, wakaendelea kujaza uwanja wa Ali Hassan Mwinyi. Klabu iliyozaliwa chini ya Kibo ililazimika kwenda kutafuta watu wa kuwa nao.

Upande wa magharibi mambo ni yaleyale kwa kinyume chake. Babati ilikuwa wilaya ya mkoa wa Arusha hadi Manyara ilipozaliwa mwaka 2002. Leo Fountain Gate, timu iliyohama kutoka Singida, inacheza Ligi Kuu ikitumia uwanja wa Tanzanite Kwaraa, Babati. Wilaya imejitenga, imejenga uwanja, imepata timu, na kaka yake mkubwa anapanda basi kwenda kuangalia mechi kule. Najua timu hiyo nayo ni ya mtu na inaweza kuhama tena. Lakini kwa sasa Simba ikienda Babati, vyumba vya wageni vya Babati ndivyo vinavyojaa.

Wadau wa kwetu ukikaa nao, sababu ya kwanza ni wafadhili. "Matajiri wa huku hawapendi mpira." Naona ni kauli ya uvivu. Panone, kampuni ya mafuta, iliweka jina na fedha zake kwenye timu ya Moshi ikafika Daraja la Kwanza. Arusha United ilianza 2018 na kelele nyingi za viongozi wa mkoa nyuma yake. Matajiri walijitokeza, wanasiasa walijitokeza. Kila mara timu ilikuwa mradi wa aliyejitokeza, na alipochoka au kuhamishwa, hapakuwa na mtu wa pili kwenye foleni. Gharama zenyewe hazina huruma: timu ya Moshi ikitoka kwenda Songea inakula zaidi ya kilomita 1,000 za barabara, chakula na malazi ya watu karibu thelathini, kwa mechi ambayo mapato ya mlangoni yanamwendea mwenyeji. Tajiri mmoja atabeba hilo msimu mmoja, miwili. Wa tatu ataanza kuuliza maswali, na ana haki.

Hesabu ya mapato nayo tuiseme. Timu ndogo ya Ligi Kuu inapata hela ya maana langoni siku Simba na Yanga zinapokuja. Ndiyo maana timu nyingi huzihamishia mechi hizo kwenye uwanja mkubwa, na ndiyo maana Sheikh Amri Abeid huonekana umejaa kwenye televisheni mara chache kwa mwaka na kuwa mtupu siku nyingine. Haki za matangazo za Azam, mkataba wa miaka kumi wa Sh225.6 bilioni uliosainiwa 2021, zimepunguza makali kwa walioko juu. Walioko Championship, daraja la pili, wanasikia harufu tu. Na uwanja wenyewe ni mali ya CCM, wa Moshi ni wa chuo kikuu. Klabu ya Kaskazini haina hata ukuta wa kubandika tangazo la kwake.

Wapo wanaosema Jiji la Arusha lifanye kama Mbeya, Mwanza na Dodoma: halmashauri imiliki timu. Ni njia ya mkato, na kwa muda mfupi inaweza kufanya kazi. Wasiwasi wangu ni kwamba bajeti ya timu inakaa kwenye karatasi moja na bajeti ya madawati, mkurugenzi akibadilishwa vipaumbele navyo vinabadilika, na diwani anaanza kupanga kikosi. Mbeya City yenyewe iliyomaliza ya tatu ilikuja kushuka, ikarudi juu 2025. Ilirudi, nadhani, kwa sababu ilishakuwa na watu wake. Halmashauri inafaa iwe mama mlezi wa miaka ya mwanzo. Ikiwa mmiliki wa milele, tutaimba wimbo uleule.

Kwangu njia yenye matumaini ni ile ambayo babu zetu wa kahawa waliijua. Chama. Mtu analipa kiingilio kidogo, anapata kadi, anapiga kura, anapewa hesabu kila mwaka. Sheria ya sasa ya michezo inataka wanachama wabaki na asilimia 51 pale klabu yao inapogeuzwa kampuni, na Simba imeshapita humo, kelele zake tumezisikia wote. Klabu za wanachama zina migogoro, Coastal Union wanaijua na Yanga wanaijua zaidi. Ila angalia mgogoro unamaanisha nini: kuna watu wanagombania kitu ambacho hawako tayari kukiacha. AFC Arusha, kwa jina lake na umri wake, ingeweza kuwa mahali pa kuanzia. Au Mbuni ifungue mlango, jeshi libaki na kambi na nidhamu, raia wapewe kadi na viti kwenye bodi. Sioni ubaya wowote wa kulijaribu hilo.

Malighafi ipo, sitachukua muda kulithibitisha. Chipukizi Cup inayoandaliwa na Future Stars Academy hukusanya watoto Arusha kila Desemba, na Rollingstone nao wamekuwa wakileta akademi za Afrika Mashariki kucheza hapa kwa miaka. Nenda viwanja vya Ngarenaro jioni yoyote. Kijana mwenye kipaji akifika miaka kumi na saba anaangalia juu yake, haoni ngazi ya mkoa, anakwenda Dar kujaribu bahati. Wachache wanafika. Wengi wanarudi kuendesha bodaboda, wakiwa na stori nzuri.

Sasa kuna Olmoti, hapo Arusha. Serikali ilisaini na Wachina mwaka 2024 kujenga uwanja wa watazamaji 30,000 kwa takriban Sh286 bilioni, kwa ajili ya AFCON ya 2027 tunayoiandaa na Kenya na Uganda. Mashindano yale yatachukua wiki chache. Baada ya hapo nyasi zitamwagiliwa, taa zitalipiwa umeme, walinzi watalipwa mshahara, kila mwezi, kwa miaka. Nimesikia mipango ya matamasha, mikutano ya dini na mechi za kirafiki. Sijasikia mtu akisema ni timu gani itakayokuwa na kabati lake la jezi ndani ya jengo lile. Mkuu wa mkoa, TFF na Baraza la Michezo wanapokaa kugawana majukumu ya uwanja, naomba waandike kwenye mkataba wa uendeshaji kwamba klabu yoyote ya Arusha au Kilimanjaro yenye wanachama waliolipa ada, katiba iliyosajiliwa na hesabu zilizokaguliwa ipewe mechi zake za nyumbani pale kwa bei ya kuanzia, hata ikiwa Championship, hata ikiwa daraja la tatu. Idadi ya wanachama wapange wao. Elfu tano tu, kwa miji miwili yenye watu kama hawa, ingepatikana kabla ya kipenga cha kwanza cha AFCON, kama ingeanza kutafutwa mwezi huu.